Maswali Saba kwa Shule Mbili za Ulaya

Nianze na kosa lenyewe, maana hata nikilificha dada yangu atalitangaza: niliziandikia shule mbili za biashara za Ulaya, kwa barua pepe ya dada, nikaziuliza kama kwenye ukoo wao kuna wachawi.

Sikuuliza wachawi peke yao. Yalikuwa maswali saba. Lakini watu wakisimuliwa habari hii huwa hawafiki hata la pili. Wanaganda kwenye wachawi, wananitazama kuanzia viatuni kwenda juu, kisha wananiuliza niko kidato cha ngapi. Cha tatu. Na Kiingereza nina B, asanteni.

Ilikuwa likizo ya Juni. Baba alikuwa kijijini kwetu Runazi anavuna maharage, na mimi nilitakiwa niwe naye, lakini nilimwambia mama kwamba mgongo unaniuma, naye akasema basi mgongo unaouma utamenya ndizi. Ndivyo nilivyojikuta Nyakanazi, kwenye kibanda chake cha chakula, pale malori yanapoegeshwa kabla ya kuelekea mipakani, Rusumo au Kabanga. Mama anapika wali, ugali, maharage, nyama na ndizi. Madereva wanamheshimu kama mkuu wa wilaya, na wanamwogopa zaidi kidogo.

Dada akaja Jumapili na basi, ana begi moja na laptopu. Dada yangu ndiye msomi wa nyumbani. Ana shahada ya biashara, anafanya kazi Mwanza kwenye kampuni inayonunua mahindi, na kwa miaka miwili alikuwa akiamka alfajiri kujisomea mtihani wa kuingia shule za biashara za nje. Alipofika hakukaa hata kunywa chai. Alisema amepata. Na siyo kupata moja, amepata mbili, zote zinamlipia masomo, na zote zinataka jibu ifikapo Ijumaa jioni. Akisema ndiyo kwa moja, nyingine imekwenda. Akichelewa, zote zimekwenda.

Mama akapiga kigelegele, dereva mmoja wa lori la saruji akamwagikiwa na mchuzi, furaha ikawa kubwa. Kisha mama akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu mwaka juzi.

"Sasa ukimaliza hiyo shule unakuwa nani?"

"Mshauri mwelekezi, mama. Nafanya kazi huko huko nje. Kampuni kubwa ikiwa na shida, inatuita, tunaichunguza, tunaiambia ifanye nini."

"Halafu mnafanya?"

"Hapana. Tunawaambia. Wanafanya wenyewe."

Mama akageuza maharage taratibu. "Yaani unaingia kwenye nyumba ya watu, unawaambia wanakosea wapi, halafu unaondoka."

"Ndiyo."

"Na wanakulipa."

"Sana."

"Shangazi yako anafanya hiyo kazi miaka yote na hajapewa hata soda."

Yule dereva wa saruji alikuwa mteja wa kila wiki, mnene, mwenye sauti ya kuongea na mtu aliye kwenye tela. Akaweka kijiko chini. "Dada msomi, ngoja nielewe. Mkishauri vibaya, kampuni ikaanguka, nani analipa?"

Dada akafikiri. "Kwa kweli... hakuna."

"Basi nami niandikishe," dereva akasema. "Miaka kumi nabeba mzigo wa watu, likivunjika tofali moja nakatwa. Kumbe kuna kazi ya kubeba maneno!"

Dada akacheka, lakini nilimwona hakucheka mpaka chini. Usiku ule na kutwa ya Jumatatu alikuwa kama mtu aliyemeza kitu bila kutafuna. Alikuwa na karatasi ameigawa katikati kwa mstari. Upande mmoja shule ya kwanza: inajulikana dunia nzima, iko kwenye jiji kubwa, mwaka mmoja. Upande wa pili shule ya pili: huku kwetu haijulikani na mtu, iko kwenye mji mdogo wenye mto, miaka miwili, na likizo ndefu katikati unapelekwa kufanya kazi kwenye kampuni. Alijaza pande zote mbili mpaka wino ukapenya nyuma. Akiulizwa anataka ipi, anasema ya kwanza. Akiulizwa mbona hajaijibu, anaongeza mstari kwenye karatasi.

Nilimuuliza anaogopa nini. Tulikuwa tunamenya ndizi, yeye moja, mimi kumi.

"Naogopa kwenda huko kote," akasema, "nisome, niwe na cheti cha kuning'iniza ukutani, halafu nisipate hiyo kazi. Nirudi kununua mahindi. Hapo nitakuwa nimejifunza kununua mahindi kwa Kiingereza kizuri."

Hilo ndilo lililokuwa linamla. Sio baridi, sio chakula. Alikuwa na nafasi moja tu ya kuruka, na hakujua ni ukingo upi ulio imara.

Jumatatu jioni alitusomea karatasi yake yote, mama akiwa amekaa kwenye kigoda ameshika tama. Dada alipomaliza, mama akauliza, "Wameulizwa?"

"Nani?"

"Hao watu. Hizo shule. Nani ameenda kuwaulizia?"

"Mama, ni shule. Zina tovuti."

"Hiyo wameiandika wenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi hujauliza. Umemsikiliza mposaji akijisifu."

Hapa niwaeleze wasiotoka kwetu. Mama ni mtu wa Ngara, Mhangaza, na kwao binti hapelekwi kwa watu mpaka watu hao waulizwe. Baba alipomposa, mjomba wa mama alifunga safari mpaka Runazi, akajifanya ananunua maharage. Alikaa siku mbili anaulizia bei na hanunui. Akawa anachokonoa majirani: hawa watu wakoje, wanapiga, wana wivu, mgeni anakula au anatazamwa, mzee wao aligombana na nani, na mke wa kaka mtu yuko wapi sasa. Akarudi Ngara na gunia moja la maharage kwa ajili ya aibu, na majibu yote. Mzee mchoyo wa chumvi. Hakuna mwizi. Mke wa kaka mtu yupo, amenenepa. Wakakubali.

"Na kukoroma hawakuuliza," mama akamalizia, kama anavyomalizia siku zote. "Makosa ya mjomba."

Dada akainuka. "Mama, mimi siolewi. Nakwenda kusoma."

"Unakwenda kukaa kwa watu, unakula kwao, unalala kwao, unarudi na jina lao. Kama siyo kuolewa ni nini?"

Dada akaenda kulala. Mimi nilibaki nacheka peke yangu, na ninapocheka peke yangu ndipo mambo huharibika.

Jumanne asubuhi dada alipanda gari kwenda Biharamulo mjini kushughulikia cheti cha kuzaliwa kilichokuwa na kosa. Aliiacha laptopu pale kibandani inachaji, kwa sababu ndipo mtandao ulipo mzuri, mnara uko nyuma tu ya sheli. Akaniambia maneno matatu: "Usiguse kitu chochote." Sasa hayo siyo matatu, ni mwaliko.

Naapa nilianza kwa utani. Nilitaka kuandika barua, nimsomee mama acheke, niifute. Nikafungua barua pepe yake, nikaona zile mbili za shule, nikabonyeza pa kujibu. Nikatumia muundo wa barua rasmi tuliofundishwa, wenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Niliandika kwa Kiingereza, lakini maneno yake ni haya:

"Kuhusu: kuulizia ukoo wenu. Natumaini hamjambo nyote, sisi ni wazima, tunavuna maharage. Mimi ni msemaji wa familia ya binti mnayemtaka. Kabla hatujamtoa, desturi yetu inatutaka tuulize yafuatayo, nanyi mjibu bila kujisifu. Moja, kwenye ukoo wenu kuna wachawi, na kama wapo, wanajulikana? Mbili, mnapiga? Tatu, chakula kinaliwa saa ngapi, na aliyechelewa anawekewa? Nne, mwanzilishi wenu aligombana na nani, na kwa nini? Tano, majirani zenu wanawasemaje? Sita, mgonjwa kwenu anauguzwa na nani? Saba, mabinti wa watu mliowachukua kabla ya huyu, kutoka kwetu huku, wako wapi sasa?"

Nikamsomea mama. Hakucheka. Alisimama na mwiko mkononi akasema, "Hayo sasa ndiyo maswali." Kisha wateja wakaingia, lori zima na utingo wao, akaniita nikate kachumbari.

Na mimi, nikiwa na sifa kichwani, nikatuma. Zote mbili. Sitadanganya kwamba kidole kiliteleza. Hakikuteleza, kilikwenda chenyewe kwa miguu yake.

Jumatano dada alifungua laptopu saa tatu asubuhi. Nilikuwa nasugua masufuria nyuma ya kibanda. Nilisikia kimya. Mnajua kimya cha Nyakanazi hakipo, muda wote kuna lori linapiga honi, lakini naapa nilikisikia. Kisha nikasikia jina langu, lote, na la babu.

Shule ya kwanza ilikuwa imejibu. "Mpendwa Mwombaji, tunashukuru kwa shauku yako. Majibu ya maswali mengi utayapata kwenye tovuti yetu. Tunaambatanisha kijitabu. Tunakukumbusha kuwa mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa."

"Wamejibu vizuri tu," nikasema kutoka upande wa pili wa meza, upande wenye njia ya kukimbilia.

"Vizuri? Wewe umewauliza kama wanapiga! Umewaambia tunavuna maharage!"

"Tunavuna."

Alinirushia kifuniko cha sufuria. Dereva wa saruji, aliyekuwa amerudi kutoka Rusumo, akainama bila kuacha kutafuna. Dada akamweleza kisa chote kwa hasira, akitegemea kuungwa mkono. Dereva akasikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Dogo, hilo la nne hata mimi ningependa kujua."

Dada akaketi akalia. Siyo kile kilio cha kutaka mtu amwone, kile cha kuficha uso kwenye kitenge. Akasema miaka miwili ya alfajiri, miaka miwili, halafu mtoto mmoja mwenye mgongo wa kuigiza anaifuta kwa dakika kumi. Akasema watafuta nafasi yake, watasema huyu hana akili, hawezi kushauri hata kuku. Sijawahi kujisikia mdogo kama siku ile, na mimi si mrefu.

Mama alimletea uji, akamwekea sukari ambayo kwa kawaida huwa tunaomba. Kisha akachukua laptopu kwa ncha za vidole, kana kwamba ni ya moto, akataka aone kijitabu. Nikamfungulia. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na vijana wanne wamezunguka laptopu moja, wote wanacheka meno nje.

"Wanacheka nini?"

"Wanasoma, mama."

"Kusoma gani huko? Huyu wangu akisoma analia."

Akasonga mbele ukurasa kwa ukurasa. Kila ukurasa wanacheka. Wanacheka kwenye ngazi, wanacheka na vikombe. Mama akarudisha laptopu. "Hawa hawajajibu hata moja," akasema. "Nyumba ambayo kila mtu anacheka mgeni akifika, mimi siiamini."

Dada akaandika barua mbili za kuomba radhi, Kiingereza safi, akaeleza kuwa ni mdogo wake. Hapo nilitegemea angeishia. Lakini dada ni dada. Alikaa kidogo akiitazama ile barua yangu, akiisoma upya kutoka juu, na nikaona midomo inahesabu. Mwisho wa kila barua ya radhi akaongeza sentensi moja. Kwa shule ya kwanza, aliiuliza lile la saba, kwa heshima zote: wanafunzi waliotoka Afrika Mashariki siku za karibuni wakitaka kazi ya ushauri, wako wapi sasa, na je, anaweza kuongea na mmoja wao? Kwa ya pili akauliza hivyo hivyo.

"Kwa hiyo lilikuwa swali zuri," nikasema.

"Nyamaza kabisa."

Alhamisi asubuhi shule ya pili ikajibu. Aliyeandika alikuwa mama mmoja wa ofisi ya kupokea wanafunzi. Barua yenyewe ndefu, yenye namba, moja mpaka saba. Dada alisoma kwa sauti.

Moja: wachawi wanaojulikana hawapo, ingawa kuna mwalimu mmoja wa takwimu ambaye wanafunzi wanamshuku. Mbili: hawapigi, ila mitihani ya mwezi wa pili wengi wameilinganisha na kupigwa. Tatu: chakula cha mchana kinaanza saa sita kwa saa zetu, aliyechelewa hawekewi, anapata mkate. Nne: mwanzilishi aligombana na ndugu yake mwenyewe kuhusu kiwanda cha bia, ndiyo maana shule imejengwa ng'ambo ya mto, na mpaka leo ukoo ule haujapatana vizuri. Tano: majirani wanalalamikia kelele za sherehe za wanafunzi kila Alhamisi. Sita: wagonjwa wanauguzwa na zahanati ya shule, lakini kwa kweli wanaugua mikononi mwa wenzao. Na la saba, akaandika, ni la kuongea, siyo la kuandika. Je, anaweza kuongea na mama wa binti kwa simu ya video leo mchana?

Dereva wa saruji akapiga meza. "Nilijua! Bia! Ndugu wakigombana, hakosekani bia au shamba!"

Mama alikuwa ameshavua aproni. Alijipaka mafuta, akafunga kitenge cha Krismasi, akaamuru wateja wahamie upande wa pili wakale kimya. Madereva saba walisogeza viti kama watoto wa chekechea. Laptopu ikawekwa juu ya hotipoti la wali, nyuma ya mama kukiwa na mkungu wa ndizi. Dada ndiye mkalimani. Mimi nilipangiwa kushika waya wa chaja, na kutopumua.

Akatokea mama mwenye nywele nyeupe fupi na miwani shingoni. Akapunga mkono. Mama naye akapunga, kisha akamnong'oneza dada, "Muulize ana miaka mingapi."

"Mama!"

"Nitajuaje kama namwamkia au ananiamkia?"

Dada akasema kwa Kiingereza, "Mama anakusalimu sana."

Mimi nikasema kwa Kiingereza changu cha B, "Anauliza umri wako. Kwa ajili ya salamu." Dada akanikanyaga mguu. Yule mama akacheka, akasema ana sitini na moja. Mama yangu ana hamsini na mbili. Akainamisha kichwa kidogo mbele ya hotipoti. "Shikamoo."

Dada akaeleza inavyojibiwa, na yule mama wa Ulaya akajitahidi akaitamka, "Marahaba," kwa lafudhi ya kutafuna jiwe. Madereva saba wakapiga makofi. Lori likapita, picha ikatetemeka, tukaendelea.

"Mwambie sitaki anifurahishe," mama akasema. "Nataka la saba."

Yule mama akaacha kutabasamu, lakini siyo kwa ubaya. Akasema kwa miaka ya karibuni waliwapokea watatu kutoka Afrika Mashariki waliotaka kazi ya ushauri. Mmoja anaifanya sasa hivi, kwenye jiji moja huko huko. Mmoja alirudi Nairobi kwa kupenda mwenyewe, akafungua ofisi yake. Wa tatu alitafuta mwaka mzima akakosa, akarudi Kampala.

Dada alitafsiri wawili wa mwanzo. Kwa wa tatu akaishia katikati ya sentensi. Hofu yake yote ilikuwa imesemwa na mtu mwingine, kwenye kioo, mchana kweupe. Ikabidi nimalizie mimi.

Mama akasogea karibu na kioo: "Kwa nini alikosa? Alikuwa mvivu?"

"Hapana," yule mama akajibu. "Kampuni huchagua watu mapema sana, wiki za kwanza kabisa. Sisi tulimwachia agundue mwenyewe. Tulichelewa kumwambia. Hilo ni kosa letu."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mama akamtazama yule mwanamke muda mrefu, kama anavyotazama nyama kabla ya kuinunua.

"Huyo wa tatu anawasemaje?"

"Sijui. Nitamwomba ruhusa, mumuulize mwenyewe. Mimi sitakuwepo."

Mama akaaga, akavua kitenge cha Krismasi, akarudi jikoni. Hakutoa hukumu. Dada akabaki ameduwaa mbele ya hotipoti.

Ijumaa asubuhi yule wa tatu akapiga simu kutoka Kampala. Waliongea na dada nusu saa, na dada aliandika kurasa nne. Yule wa Kampala alimwambia dada aanze kujifunza yale mahojiano ya kampuni kabla hata ya kupanda ndege, asidhani alama nzuri zinatosha, yeye alidhani hivyo. Alimwambia aende akiwa ameshawajua watu watatu wa kumsaidia kufanya mazoezi. Akasema alirudi na uchungu, ndiyo, ila hasira hana. Alipougua mwezi wa kwanza, yule mama wa nywele nyeupe ndiye aliyemletea supu, na supu yenyewe ilikuwa mbaya sana. Dada akamuuliza, ungeanza upya ungekwenda wapi? Akasema palepale, lakini nikiwa nimeshaambiwa haya ninayokuambia.

Saa sita mchana shule ya kwanza nayo ikajibu. Taarifa za wahitimu hazitolewi kwa mtu mmoja mmoja. Tazama kijitabu.

Dada akaketi na zile barua mbili wazi mbele yake. Nikategemea ataruka kwa furaha, maana jibu hata mimi nililiona. Hakuruka. Alisema polepole, "Nililitaka lile jina. Nilitaka nikilitaja, mtu yeyote pale kazini anyamaze." Mama hakumbembeleza, wala hakumwambia achague ipi. Alikaa tu karibu naye anachambua mchele, na kila akitoa kijiwe anakitupa barabarani.

Muda wa saa tisa dada akafungua barua ya shule ya pili, akabonyeza pale pa kukubali. Kisha akaiandikia ya kwanza asante. Kisha akafunga laptopu, akavuta pumzi, akaomba wali.

Dereva wa saruji alikuwa ameshaondoka, nikakosa wa kunisifu. Nikasogea kwa mama. Nikamkumbusha, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba bila ile barua yangu dada asingejua chochote. Nikasema hata kama lilikuwa kosa, limezaa. Nikasimama pale nikingojea, labda nyama, labda neno zuri mbele za wateja.

Mama akaweka ungo chini, akanitazama, akasema: "Mshukuru Mungu kwamba hao watu hawana desturi ya kuuliza. Wangeuliza na wao binti ana ndugu gani, wakakuona wewe, mwenzako angezeekea hapa anamenya ndizi."